Asilimia Sitini

Obura alipopanda ndege kwenda Doha
aliniachia deni la kioski,
kibali cha wanyamapori kilichobandikwa ukutani kwa gundi ya unga,
na chatu, urefu wa mkanda na nusu,
katika sanduku la kioo lililowahi kuwa kabati la mandazi.

Aliacha na karatasi:
Sitini. Akikaribia kujivua, sabini. Usizidishe.
Na chini kabisa, kwa mkono wa mtu anayeitiwa teksi:
Unyevu si maji, Awino.

Nikacheka peke yangu.
Hapa Manyatta mfereji umenyamaza tangu Krismasi,
dumu la mkokoteni limefika shilingi thelathini,
na mimi nimnunulie nyoka hewa yenye jasho.

Januari ikaketi juu ya bati.
Kipima unyevu, kile kisaa kisichojua saa,
kikateremka: hamsini. Arobaini na tatu. Thelathini na nane.
Ngozi ilimtoka vipande vipande,
kama bango la uchaguzi wa zamani,
na kigamba kikabaki kimeganda kwenye jicho la kushoto.
Akawa ananitazama kwa upande mmoja.

Kwa hofu nikaziba matundu yote kwa leso,
nikamwaga jagi zima.
Tisini! Nikajipongeza.
Siku ya nne maranda yakaota ukungu,
na tumboni mwake, kati ya magamba,
palikuwa na lengelenge dogo
kama la mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa.

Mimi ni msusi. Miaka kumi na miwili, Kondele.
Nywele kavu hukatika, nywele zilizoloweshwa huoza suke ndani ya weaving,
hilo vidole vyangu vilikuwa vinalijua
kabla hata Obura hajaiokota kalamu.
Sikudhani linamhusu nyoka.

Nikatupa maranda.
Nikatandika makumbi ya nazi, niliyoombea bure sokoni Jubilee.
Bakuli pana, upande wa joto.
Matundu mawili wazi, mawili yamefunikwa.
Kikopo cha siagi chenye kuvu mbichi ndani, mlango wa kutosha kichwa.
Na chupa mpya ya kupulizia, ndugu wa ile ya saluni:
mara sita asubuhi, mara sita usiku,
ukungu tu, usiofika kuwa tone.

Mama alikuwa amekuja kliniki ya presha, pale Russia.
Alitazama kutoka mlangoni, hakuvuka kizingiti.
"Kwetu Nyakach," akasema, "chatu ndiye huleta mvua.
Wewe ndiye unayemnyeshea?"
Akarudi jikoni akitikisa kichwa
kama aliyeona mgeni akimpikia mwenyeji.

Juma lililofuata macho yakapiga buluu,
buluu ya maji yaliyooshewa mchele.
Sabini, nikakumbuka. Lakini siku hiyo palikuwa na bibi harusi,
kichwa chake kikanishika hadi saa nne usiku,
na stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima.

Nilikuta mwanga wa simu ndani.
Mama, kwenye kigoda, chupa mkononi,
akihesabu polepole, achiel, ariyo, adek,
kama anayempa mtoto dawa.
"Okoth," alimwita. Jina la aliyezaliwa mvua ikinyesha.
Obura alikuwa amemwita Sajenti.
Sikumsahihisha.

Alfajiri ngozi ilikuwa pale, nzima,
imegeuka ndani nje kama soksi ya mwanafunzi,
na vigamba viwili vya macho, angavu.
Vyote viwili. Kile cha zamani kilikuwa kimeandamana nayo.
Mama akaipima kwa mkono, kiwiko hadi kidole, mara tatu,
kisha akauliza dumu limebaki na maji kiasi gani.
Nje, juu ya Kajulu, hapakuwa na hata wingu la kuazima.

Jioni Obura akapiga simu. Asilimia ngapi?
Sitini na nne, nikamwambia.
Akanyamaza kidogo. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo.
Kiyoyozi, akasema. Kinawaka usiku kucha,
tuko wanane chumbani, midomo inatupasuka.

Mama akaninyang'anya simu.
"Weka bakuli la maji karibu na kitanda," akamwambia.
"Pana. Na usizidishe."